Miaka ya Kukimbiza Madoa Meusi Baharini

Nimestaafu. Msicheke kwanza. Najua mtu wa miaka thelathini na kitu akisema kastaafu, watu humtazama kama kasema kazaliwa na ndevu. Lakini boti la kasi linapiga mgongo kama jamvi linavyopigwa siku ya kufuliwa, na mwaka huu daktari kaitazama picha ya mifupa yangu akaniuliza, "Weye ulikuwa mpagazi bandarini?" Nkamwambia hapana, nlikuwa nakimbiza mafuta. Akauliza mafuta ya nani. Nkamwambia hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Basi mgongo wangu umestaafu, na mie siwezi kuuacha uende peke yake.

Nyinyi wawili mlioshika nafasi yangu mmeniomba niwaandikie kazi ilivyo. Mie nimesoma skuli ya Amani mpaka darasa la saba, nikatoka mbio, kwa hivyo maneno ya vitabuni msiyatafute humu. Mishahara siitaji, itawavunja moyo. Vyeo navyo sivitaji, kwa sababu kila nlipotaka kupanda nlitumwa baharini.

Kabla ya hapo nlikuwa nauza makava ya simu soko la Mwanakwerekwe. Napiga kelele mpaka wauza samaki wanalalamika, na mjue mtu akilalamikiwa kelele na muuza samaki, huyo ana kipaji. Siku moja akaja mzee mmoja mwembamba, mkavu, anatafuta kimfuko cha kuzuia simu isiingie maji. Nkamwambia, "Chukua hichi. Hata ukizama nayo, simu itawapigia ndugu zako yenyewe." Hakucheka. Akanitazama kama anayekagua muhogo.

"Unajua kuogelea?"

"Mama yangu mtu wa Matemwe."

"Sijamuuliza mama yako."

"Najua, mzee wangu."

"Pua yako nzima?"

Nkamwambia nzima, ila kwa hapa sokoni natamani ingekuwa mbovu. Hapo akatabasamu upande mmoja. Huyo ndiye Nahodha Ame, na wiki ile ile nkapanda ngazi za ofisi ya Shangani, ngazi ambazo aliyezijenga alikuwa anamchukia mtu fulani.

Juu kabisa nkamkuta Bi Hansa. Nyinyi mmemkuta keshaanza kuvaa miwani miwili kwa pamoja, lakini wakati ule alikuwa na mmoja tu, na huo mmoja ulitosha kukutoa jasho. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa mjini, yeye akapenda hesabu, akaenda kusoma huko na huko, akarudi kukaa mbele ya kompyuta kusoma picha za rada zinazotumwa na setilaiti. Nkasema shikamoo Bi Hansa. Akasema, "Marahaba. Umejipaka nini?"

"Udi kidogo tu, Bi. Siku ya mwanzo kazini."

"Nenda kaoge. Pua yenye udi haisikii dizeli."

Hayo ndiyo mahojiano yangu ya kazi. Nkaenda nkanawa kwenye ndoo ya uani, nkarudi nanuka kama ndoo, akasema, "Sasa kaa."

Akaleta sufuria la maji. Akachukua kipepeo cha kupulizia makaa, akapepea, maji yakafanya viwimbi vidogo vidogo, kama ngozi ya mtu aliyesikia baridi. Akaniambia setilaiti iko juu huko, haina haja ya jua wala mwezi, na mawingu inayapita kama hayapo. Inatuma mawimbi yake chini, yanagonga viwimbi vya bahari, mengine yanarudi juu. Yanaporudi, picha inakuwa kijivu. Halafu akafungua chupa ya mafuta ya nazi, yale yale anayopaka nywele, akadondosha tone moja. Wallahi nliona viwimbi vikilala. Yeye anapepea kwa nguvu, na pale penye mafuta maji yamenyooka kama shuka lililopigwa pasi.

"Hapa mawimbi yanateleza, hayarudi," akasema. "Kwa hivyo kwenye picha panakuwa peusi. Mie naona peusi. Kuwa ni mafuta, sijui. Wewe ndiye utakayekwenda kuniambia."

"Na kama si mafuta?"

"Utakwenda tena kesho kwingine."

Nkamuuliza je na hayo ya kwenye sufuria tunayafanyaje. Akasema mie ndiye mwenye kazi ya kuosha.

Mambo ya kazi sasa. Chupa za sampuli ziwe za gilasi, si za plastiki, maana mafuta yanang'ang'ania plastiki kama shemeji asiye na kwao. Kasia la mbao msiliache. Mkifika penye utando unaong'aa, upigeni. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na vipande vikabaki vimeachana, hayo si mafuta, ni uchafu wa vidudu vya bahari. Ukizunguka halafu ukajifunga tena kama haukuguswa, hayo ni mafuta, andikeni. Na chombo kikubwa kuliko vyote ni kitambaa cheupe. Unakifunga kwenye kamba, unakiburura majini, unakitazama na unakinusa. Kitambaa chenyewe ni bafta, kwa sababu nyeupe na rahisi.

Sasa bafta, kama mnavyojua, ndiyo sanda. Mie nlikuwa nainunua Mwanakwerekwe, duka moja, kila mwezi. Mara ya kwanza mwenye duka kanipimia kimya. Mara ya pili kasema, "Pole sana." Nkadhani ananipa pole ya jua. Mara ya tatu kaninong'oneza, "Mama?" Nkamwambia mama mzima. "Alhamdulillahi. Basi nani?" Nkamwambia hakuna aliyekufa, ni ya kazini. Hapo ndipo nlipoharibu. Kuanzia siku hiyo nkipita dukani kwake anafunga nusu ya mlango. Na bei akanipunguzia bila ya kuombwa, kwa hivyo sikumsahihisha tena. Nyinyi mkienda, semeni nimewatuma mie. Mtaogopwa vizuri.

Miaka ya mwanzo karibu kila doa lilikuwa si mafuta. Hili mlizoee mapema. Tunakwenda na boti, mgongo unalia, tunafika pale palipokuwa peusi kwenye picha, tunakuta upepo umelala tu, bahari shwari, Nahodha Ame anawasha sigara. Siku nyengine ni mvua imepita. Siku moja ofisi nzima ilisimama kwa ajili ya doa zuri, refu, limenyooka nje ya mji. Bi Hansa mwenyewe akasema hili lina sura ya mafuta. Tukaruka. Nkatupa bafta, nkavuta, nkanusa.

"Vipi?" Nahodha Ame akauliza.

"Mafuta, Nahodha."

"Ya meli?"

"Ya chipsi."

Kumbe kuna chombo cha kutembeza wageni kimemwaga karai zima la mafuta ya kukaangia. Bi Hansa akafurahi kuliko sisi, kwa sababu alisema peusi na kweli palikuwa na mafuta. Mie nlirudi na njaa ambayo haijapata kutokea.

Lakini mafuta yenyewe yapo. Meli zinapita mbali huko nje, na si zote zina adabu. Nyengine zinasafisha matumbo yao usiku zikijua hakuna anayeona. Kwenye picha unaona nukta nyeupe, hiyo ndiyo meli, chuma kinarudisha mawimbi vizuri, na nyuma yake mkia mweusi mrefu. Bi Hansa akiona mkia huo anaacha chai yake ipoe. Kwake yeye hiyo ndiyo hasira.

Sasa nawapa kisa kimoja, na ndicho ninachotaka mkae nacho.

Ilikuwa wakati wa kaskazi, bamvua kubwa. Asubuhi mapema Bi Hansa kanipigia simu. Yeye hapigi, yeye anatuma ujumbe wa maneno mawili. Nkajua.

"Picha ya jana jioni imeingia," akasema. "Nukta na mkia. Mkia uko nje ya Matemwe na upepo unausukuma nchi kavu. Nenda."

"Bi Hansa, leo nina ruhusa. Nina harusi."

"Wapi?"

"Matemwe."

"Basi hupotezi njia," akakata.

Harusi ilikuwa ya binamu yangu Kazija, mtoto wa mjomba wangu. Na kwetu binamu ni mtani. Mtani harusini ana haki zake. Anaweza kuficha viatu vya bwana harusi, anaweza kukaa mlangoni kama mbuzi asipite mtu, anaweza kuzusha lolote, na hapana wa kumkasirikia. Fujo zake zina dawa moja tu. Anapewa sahani yake, imejaa, nyama juu. Akiipokea tu, utani umekwisha, akae chini ale kama watu. Mie kwa haki hizo nlikuwa mwanasheria. Kwenye harusi ya dada yake Kazija nlijipaka masizi ya sufuria mwili mzima nkaingia nalia kuwa jiko limelipuka. Watu wakakimbia na ndoo za maji. Nlipata sahani mbili.

Basi nkavaa suruali ya kazini, kanzu ya harusi nkaitia mfukoni mwa begi, tukakutana na Nahodha Ame Matemwe ambako boti lilikuwa linalala. Tukatoka kwenye mlango wa mwamba maji yakiwa yanashuka. Hatukwenda mbali. Hiyo ndiyo iliyonitia khofu, tulitarajia kwenda mbali. Nlisikia harufu kabla ya kuona, harufu ya barabara mpya inayotiwa lami. Halafu maji yakabadilika, boti likaacha kuruka, likawa linateleza kimya. Nkatupa bafta. Ikarudi nyeusi, nzito, inadondoka. Nkaisuuza kwenye maji safi upande wa pili, hakikutoka kitu.

Nahodha Ame hakuwasha sigara. "Maji yakianza kujaa," akasema, "yatakuja nayo."

Nkampigia Bi Hansa. Nkasikia vidole vyake kwenye kompyuta. "Yataingia na maji ya mchana. Mkondo unakwenda kaskazini, kwa hivyo kusini ya kijiji kutabaki safi. Wana mwani majini?"

"Wote, Bi. Umekomaa."

"Basi mbona unaongea na mimi?"

Niwaeleze, kama mwani hamuujui, maana nyinyi wa mjini. Wanawake wa Matemwe wanaupanda kwenye kamba, kamba zimefungwa kwenye vijiti kule pwani maji yanapokauka. Kuuvuna ni wakati wa bamvua tu, bahari inapokwenda mbali ukaweza kutembea mpaka shambani. Bamvua ikipita, shamba liko chini ya maji mpaka ijayo. Wiki ile mwani ulikuwa tayari, lakini kwa ajili ya harusi wote walikuwa wamesema watavuna kesho. Na katika mwani huo huo ndimo wanamokata mbegu ya kupanda tena. Miaka hiyo maji yalikuwa ya moto, mbegu nzuri imekufa kwengine kote, na hii ya kwao ilibaki kwa kubembelezwa. Mafuta yakiufikia, hawapotezi mavuno tu. Hawana cha kuanzia.

Nkaruka kabla boti halijagusa mchanga. Nkakimbia na bafta mkononi mpaka uwanjani kwa mjomba. Turubai limetandwa, taarabu inalia kwenye spika, wapishi wanageuza pilau kwenye masufuria makubwa kama visima, wanawake wanakata vitunguu na wanasema watu. Nkasimama katikati nkapiga kelele kwa sauti ile ile ya Mwanakwerekwe:

"Toeni mwani! Mafuta yanakuja!"

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko.

"Haooo! Watani washaanza!"

"Mwaka huu kaja na bahari!"

"Mafuta ya taa au ya kupikia? Maana ya kupikia yametupungukia!"

"Wallahi sitanii!" nkasema.

Mkisikia mtani anaapa, nyinyi mtamwamini? Wakazidi. Bibi mmoja alikaa chini kabisa, anajipiga paja.

Nkainua bafta. "Tazameni basi! Tazameni wenyewe!"

"Masizi!" wakasema wote kwa pamoja, kama wamefundishwa. "Masizi yale yale! Hata hana jipya!"

Jamani. Mie katika maisha yangu nimetafuta watu wanicheke bure, na siku ile nlikuwa tayari kulipa waache. Kila nkitoa macho, wanasema tazama anavyoyatoa. Machozi yakanijia, wakasema mwaka huu kaongeza machozi, huyu mtoto mchezaji kweli. Na nyuma yangu nasikia bahari, bado iko mbali, lakini haikai huko milele.

Mke wa mjomba, Bi Mize, mama yake Kazija, ndiye mkubwa wa wanawake wa mwani. Alikuwa na mwiko mkononi, jasho linamtoka, harusi yote iko mabegani mwake. Akasema, "Basi, basi, ametuchekesha. Mpeni sahani yake akae."

Ikaja sahani. Nataka muione. Pilau limepanda kama kichuguu, nyama ya mfupa juu, kachumbari pembeni, na ndizi. Mie tangu asubuhi nna chai ya rangi tumboni na mawimbi. Harufu ilinishika shingo. Aliyenipa akaniwekea mkononi kabisa.

Nkaitazama. Nkamrudishia.

"Sili," nkasema.

Akadhani hakusikia. Akanisukumia tena. "Chukua, yakhe, ndiyo yako."

"Sitaki sahani, mama zangu. Nataka mtoe mwani."

Spika hakuna aliyeizima, lakini kwangu ilikuwa kama imezimwa. Yule bibi anayejipiga paja aliuacha mkono hewani. Mtani anaweza kukataa kuondoka, anaweza kukataa kunyamaza. Kukataa sahani hapana. Hata mama yangu aliyekuwa kwenye vitunguu akasimama taratibu, kwa sababu ananijua tangu naanza kula.

Bi Mize akanijia. Akaichukua ile bafta, akaisogeza puani, akaifikicha kwa vidole. Halafu akatazama pwani, maji yalipo. Mwiko ukaanguka mchangani.

"Yanafika lini?"

"Na maji ya kujaa."

Akageuka. Sikuwahi kumsikia sauti hiyo. "Nyote! Kateni kamba pande mbili, vuteni zima zima, msichambue kitu!"

Hapo tena mlitakiwa muwepo. Wanawake wamevaa kanga mpya za sare, wametia asumini kichwani, wanakimbia na visu. Wapishi wameacha masufuria, kabaki mmoja tu wa kulinda moto, naye analia kwa nini yeye. Turubai la harusi likashushwa, likawa la kuburuzia mwani, watu kumi wanalivuta kama nyangumi. Masinia, mikeka, mabeseni ya kunawia wageni, kila kitu kimekwenda shambani. Mwenye spika hakujua la kufanya akaongeza sauti, basi tunavuna kwa muziki. Mie nakata kamba huku nacheka, sijui nacheka nini, labda njaa.

Halafu nkasikia kelele nyumbani. Bibi harusi katoka. Kazija na maua yake ya piko mikononi na miguuni, kajitanda gubigubi, macho mawili tu, na somo yake, yule mwanamke wa kumfunda, anamkimbilia nyuma:

"Rudi ndani! Bibi harusi haonekani!"

"Kwani naonekana?"

"Mguu unaonekana!"

"Basi mguu ndio utakaovuna!" akasema Kazija, akaingia majini na kamba zake mwenyewe, maana kwenye shamba lile kamba zake zilikuwa nyingi kuliko za mtu yeyote. Akanipita akanipiga kikumbo. "Weye. Ukinambia ni utani, nakuzika hapa."

"Na bafta ninayo," nkamwambia.

Mbegu ilikuwa na haraka yake. Mwani wa kukausha unaweza kutupwa mchangani, lakini mbegu lazima ikae majini, na maji yenyewe safi. Nkampigia tena Bi Hansa, akanitajia pale pa kusini ambapo mkondo hautafikisha kitu, akanirudia mara mbili nisikosee. Nahodha Ame akalipakia boti mpaka yeye mwenyewe haonekani, ikawa mwani unaendesha boti, akaenda. Kila mwanamke aliyeikabidhi mbegu yake alimwambia polepole, Nahodha, polepole, kama anampakia mtoto mchanga. Na Nahodha Ame, ambaye mgongo wangu mie hakuwahi kuuonea huruma hata wimbi moja, aliondoka polepole.

Maji yakaanza kurudi. Yakafika vifundoni, yakafika magotini. Kamba za mwisho tulizitoa yamefika kiunoni, Bi Mize akizungukia vijiti kwa mikono, chini ya maji, kuona kama kuna kamba iliyobaki. Alipotoka alikuwa ameshika moja, ndogo, ya yule bibi wa kujipiga paja.

Mwani ukatandikwa kila mahali. Kwenye mchanga, juu ya kuta, juu ya mabanda ya kuku. Kamba zilizokosa pa kuning'inia zikafungwa kutoka nguzo hadi nguzo mbele ya nyumba, mlango ukawa hauonekani. Pilau likaliwa kwa kusimama, na ukoko wake ulikuwa mwingi kuliko pilau. Na katika hali hiyo, alasiri, bwana harusi akafika na watu wake, joho, kilemba, jambia kiunoni, dufu linapigwa mbele. Wakasimama. Dufu likanyamaza lenyewe. Wanatazama nyumba imeota nywele, na wenyeji wote wamelowa, wana mchanga mpaka masikioni.

Mshenga akajikaza, akaita kama ilivyo ada, "Hodi! Tumekuja kumchukua wetu, tufungulieni mlango!"

Ada yenyewe ni watu wa bwana harusi kutoa kitu mlangoni ndipo wapite. Bi Mize akatokeza kichwa katikati ya mwani. Kanga yake inadondoka maji.

"Leo mlango hatufungui kwa bahasha," akasema. "Mwani huu utupishe njia, uende nyuma ya nyumba ukatandikwe. Kila anayetaka kuingia abebe. Bwana harusi kwanza."

Wakadhani utani. Wakanitazama mie. Nkawaambia mie leo simo, ulizeni yeyote.

Bwana harusi alivua joho. Nampa haki yake, hakuuliza mara ya pili. Akalikunja, akampa mshenga jambia, akajitwika mzigo wa mwani mbichi juu ya kilemba, maji yanamtiririka shingoni, akapita akitembea kama anaogopa kuvunja mayai. Vigelegele vilivyopigwa pale sijapata kuvisikia kokote. Nyuma yake wakaja kaka zake, wajomba zake, mpiga dufu, na mshenga mwenyewe, ambaye alichagua mzigo mdogo tukambadilishia.

Hatujamaliza, mtu akaita kutoka pwani. "Yamefika!"

Tukashuka wote, walioolewa na wasioolewa. Maji yalikuwa yamejaa, na katika maji hayo yalikuja mafuta, ukanda mweusi mpana, unajivuta polepole, hauna haraka. Ufukwe tulikuja kuuzoa siku zilizofuata kwa majembe na ndoo, na hiyo kazi sisimulii, mtaijua wenyewe. Lakini wakati ule tulisimama tukatazama. Yakaingia shambani. Yakapita safu ya kwanza ya vijiti, vitupu. Safu ya pili, vitupu. Yakawa yanazunguka kila kijiti, yanakilamba, yanakwenda kwa chengine.

Bi Mize alikuwa ameshika mkono wa yule bibi mwenye kamba ndogo. Halafu Kazija, gubigubi lake limelowa, macho mawili tu, somo yake amemshika nguo asikimbie tena, akapaza sauti kuyaambia mafuta:

"Mmechelewa! Pilau lishakwisha!"